NAFUU YA KODI HAIMFIKII ASIYEDAIWA KODI

Tarehe 4 Julai, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi sheria ndefu ya kodi na matumizi ya Serikali yake. Miongoni mwa mengi yaliyomo, sheria hiyo iliweka tarehe 31 Desemba, 2025 kuwa siku ya mwisho ya nafuu mbili za kodi. Nafuu hizo walikuwa wakipewa wenye nyumba waliozitengeneza nyumba zao ili zitumie nishati kidogo, au waliojiwekea mitambo ya umeme wa jua. Kwa sheria ya awali zilikuwa ziendelee kwa miaka mingi zaidi. Zimekatizwa njiani.

Katika nchi ile jambo hili limezua mabishano makubwa. Wako waliosema kuwa kuziondoa ni pigo kwa hifadhi ya mazingira na kwa viwanda vya mitambo ya jua. Wako waliofurahi kwamba Hazina itaokoa fedha. Sisi hatuna haja ya kuingia katika ugomvi wa vyama vya Marekani. Lakini liko swali moja ambalo katika mabishano hayo lilisikika kwa sauti ndogo, nalo ndilo linalotuhusu sote tunaoshughulika na fedha za umma: kwa miaka yote zilipokuwapo, nafuu hizo zilikuwa zikimfikia nani?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kwanza kueleza jinsi nafuu hizo zilivyofanya kazi. Maneno ya kodi mara nyingi huachiwa wahasibu, na mwananchi wa kawaida hubaki akiamini tu kwamba Serikali imetoa nafuu, basi kila mtu amepata. Imani hiyo ndiyo inayoficha mambo mengi.

Serikali inaweza kumpunguzia mtu kodi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza mapato yanayohesabiwa. Mtu akiruhusiwa kuondoa dola 1,800 katika mapato yake kabla ya kodi kupigwa, naye yuko katika daraja la asilimia 22, basi ameokoa dola 396 tu. Njia ya pili ni kupunguza kodi yenyewe baada ya kupigwa. Hapo dola 1,800 ni dola 1,800 kamili. Nafuu tunazozizungumzia zilikuwa za njia hii ya pili, na kwa sababu hiyo zilionekana kuwa na ukarimu mkubwa.

Sheria iliyopitishwa Agosti 2022, wakati wa Rais Joe Biden, ilitengeneza viwango vyake hivi. Mtu aliyejaza kinga ya joto katika dari na kuta, aliyebadilisha madirisha na milango, au aliyeweka mtambo bora wa kupasha na kupoza nyumba, aliruhusiwa kupunguza kodi yake kwa asilimia 30 ya gharama. Kila kitu kilikuwa na mpaka wake kwa mwaka: madirisha dola 600, milango dola 500, ukaguzi wa nyumba dola 150, na jumla ya vitu vya namna hiyo isizidi dola 1,200. Pampu ya joto, yaani mtambo unaohamisha joto kutoka nje kuingia ndani wakati wa baridi na kulitoa wakati wa hari, ilikuwa na mpaka wake wa peke yake wa dola 2,000. Nafuu ya pili, ile ya umeme wa jua, nayo ilikuwa asilimia 30 ya gharama, lakini bila mpaka wa namna hiyo.

Hata katika kukokotoa gharama palikuwa na masharti. Kwa madirisha na kinga ya dari, ujira wa fundi haukuhesabiwa. Kwa pampu ya joto ulihesabiwa. Na ikiwa kampuni ya umeme ilimsaidia mteja sehemu ya bei, msaada huo kwa kawaida uliondolewa kwanza ndipo asilimia 30 ipigwe.

Lakini sharti kuu kuliko yote lilikuwa moja: nafuu haikuweza kuzidi kodi ambayo mtu alipaswa kulipa mwaka ule. Kodi ikifika sifuri, nafuu ilikoma. Kilichobaki hakikulipwa kwa fedha taslimu. Wataalamu huiita nafuu isiyorejeshwa, na ndani ya maneno hayo mawili ndimo lilimo jambo lote.

Tuchukue nyumba tatu za mtaa mmoja, na kila moja imeweka pampu ya joto kwa dola 6,000. Asilimia 30 yake ni dola 1,800. Nyumba ya kwanza anakaa meneja ambaye kodi yake ya mwaka ni dola 9,000. Yeye atapunguziwa dola 1,800 zote, na kodi yake itakuwa dola 7,200. Nyumba ya pili anakaa karani mwenye watoto, ambaye kodi yake, baada ya kupunguzwa na nafuu nyingine anazostahili, imebaki dola 700. Yeye atafutiwa dola 700, na dola 1,100 zitapotea. Nyumba ya tatu anakaa mama mzee anayeishi kwa pensheni ndogo, ambaye kipato chake hakifikii kiwango cha kutozwa kodi. Huyu atapata sifuri. Pampu ni moja, bei ni moja, baridi inayopiga dirishani ni moja. Kilichotofautiana ni kipato, na Serikali imemsaidia zaidi yule aliyehitaji msaada kidogo kuliko wenzake.

Inafaa hapa kusahihisha kosa moja ambalo hata wasomi hulifanya. Neno “isiyorejeshwa” halina maana kwamba mfanyakazi hakupata kitu mkononi. Ikiwa mwajiri alikuwa amekwisha kumkata meneja yule dola zote 9,000 katika mishahara yake, basi mwisho wa hesabu alirudishiwa dola 1,800, kwa kuwa alikuwa amelipa zaidi ya alichodaiwa. Kinachotazamwa ni kodi inayostahili kulipwa kwa mwaka mzima, wala si kile kilichobaki kulipwa siku ya kujaza fomu. Mama mzee hakuwa na cha kurudishiwa kwa sababu hakudaiwa chochote tangu mwanzo.

Hata nafuu hizo mbili hazikulingana. Mtu aliyeweka mitambo ya jua na kodi yake ikawa ndogo aliruhusiwa kuihamishia sehemu iliyobaki katika mwaka uliofuata. Aliyejaza kinga ya joto darini au kuweka pampu hakuruhusiwa; ambacho hakukitumia mwaka ule kilikufa. Basi yule mwenye uwezo wa kununua mtambo wa makumi ya maelfu ya dola alipewa subira na sheria, na yule aliyeziba nyufa za nyumba yake kwa mia chache hakupewa.

Zaidi ya hayo, mlango wa nafuu hii ulikuwa na vizingiti vingine viwili. Cha kwanza ni fedha za kuanzia. Mwenye nyumba alipaswa kulipa bei yote kwanza, kisha angoje msimu wa kujaza fomu za kodi. Aliyelipa Januari 2024 alidai nafuu yake mwaka 2025. Mtu mwenye akiba anaweza kungoja mwaka mzima. Anayeishi kwa mshahara wa wiki hii kungoja wiki ijayo hawezi. Cha pili ni umiliki. Takriban theluthi moja ya kaya za Marekani ni wapangaji. Mpangaji hawezi kubomoa dari ya nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba asiyekaa humo hakuruhusiwa kudai nafuu ile ya matengenezo. Basi nyumba za kupangisha, ambamo wanyonge wengi wanaishi na kulipa ankara za umeme na gesi, zilibaki zikivujisha joto kama zamani.

Matokeo yanajulikana kwa hesabu. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Severin Borenstein na Lucas Davis, walizichunguza fomu za kodi na kutoa matokeo yao mwaka 2016. Tangu mwaka 2006, nafuu za kodi kwa matengenezo ya nyumba, mitambo ya jua na magari yanayotumia umeme zilikuwa zimewapa wananchi wa Marekani zaidi ya dola bilioni 18. Katika fedha hizo, moja ya tano ya watu wenye vipato vikubwa kabisa walichukua takriban asilimia 60. Tatu ya tano ya watu walio chini waligawana takriban asilimia 10. Kwa haki lazima isemwe pia kwamba nafuu hizo ziliwafikia watu wengi: kwa mapato ya mwaka 2023, Hazina ya Marekani ilihesabu kaya milioni 3.4 zilizodai zaidi ya dola bilioni 8. Na walikuwamo watu wa kipato cha kati. Hata hivyo, katika dola bilioni hizo nane, zaidi ya sita zilikwenda kwa umeme wa jua na mitambo ya namna yake, na mbili tu kwa matengenezo ya kawaida ya nyumba.

Jambo hili halikuanza jana. Baada ya mtikisiko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973, ambao sisi pia tuliuonja kwa uchungu, Marekani ilitafuta njia za kupunguza matumizi ya mafuta. Mwezi Novemba 1978, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyotoa nafuu ya asilimia 15 kwa kinga ya joto, isizidi dola 300, na nafuu kubwa zaidi kwa mitambo ya jua na upepo. Mwaka uliofuata aliweka mitambo ya jua juu ya paa la Ikulu yake. Nafuu hizo zilikwisha mwaka 1985, na mitambo ile iliteremshwa mwaka 1986. Zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 2005, zikapanuliwa, zikapunguzwa, zikapanuliwa tena, hadi zikakatizwa mwaka 2025. Katika safari hiyo yote sharti lile moja halikuondolewa: asiyedaiwa kodi hapati.

Na Wamarekani wenyewe walikwisha kuonywa. Mwaka 1967 Stanley Surrey, mwanasheria aliyekuwa msimamizi wa sera ya kodi katika Hazina yao, alieleza kwamba msamaha wa kodi ni matumizi ya Serikali kama matumizi mengine yoyote. Shilingi isiyokusanywa kwa makusudi ni sawa na shilingi iliyokusanywa ikatolewa. Tofauti ni kwamba iliyotolewa huandikwa katika bajeti na kujadiliwa, na isiyokusanywa hupita kimyakimya. Kutokana na hoja hiyo, sheria ya bajeti ya mwaka 1974 ililazimisha misamaha hiyo iorodheshwe kila mwaka. Itazame nafuu ile ya pampu kwa macho ya Surrey. Ni sawa na Waziri kusimama Bungeni na kusema: “Natoa ruzuku ya dola 1,800 kwa meneja, dola 700 kwa karani, na kwa mama mzee sitoi kitu.” Hakuna Bunge ambalo lingepitisha maneno hayo yakisemwa waziwazi. Yakivikwa joho la kodi, yalipita.

Wanaoitetea njia hii wana hoja, na si haki kuzidharau. Wanasema kodi ya mapato si mfuko wa misaada, na asiyelipa hana cha kurudishiwa. Wanasema pia kwamba mpaka wa sifuri huzuia wadanganyifu wasiojaza fomu kwa kazi yoyote isipokuwa kuchota fedha, na kwamba Serikali hutumia ofisi za kodi zilizopo bila kuanzisha idara mpya. Hoja ya udanganyifu ina uzito. Serikali ya Italia iliona tatizo hilihili la watu wasio na kodi ya kutosha, na mwaka 2020 ikalitatua kwa pupa. Iliahidi asilimia 110 ya gharama za matengenezo, na ikaruhusu haki hiyo ya nafuu iuzwe kwa benki au kwa makandarasi. Mwenye nyumba hakuwa tena na sababu ya kubishana bei, kwa maana hakulipa yeye. Gharama zikapaa kupita euro bilioni 100, udanganyifu mkubwa ukagunduliwa, na Februari 2023 Serikali ikalazimika kuuzuia uuzaji huo.

Lakini kati ya kumnyima mnyonge na kumwaga fedha bila hesabu iko njia ya katikati, na imekwisha kupitwa. Marekani yenyewe tangu mwaka 1975 ina nafuu moja ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo ambayo hulipwa taslimu hata kama kodi ni sifuri. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba sheria zao haziruhusu. Tangu mwaka 1976 wana mpango wa kuzitengeneza nyumba za maskini, ambapo mafundi huenda nyumbani, hupima, huziba nyufa na kujaza kinga ya joto bila mwenye nyumba kulipa. Mpango huo umezifikia nyumba zaidi ya milioni 7. Sheria ileile ya mwaka 2022 iliyapa majimbo dola bilioni 8.8 za kupunguza bei hapohapo dukani, na kwa kaya za kipato cha chini punguzo liliwekwa kubwa zaidi. Ingawa kasoro yake ilikuwa kuchelewa, kwani majimbo ya kwanza, New York likiwa mbele, yalianza mwaka 2024. Ufaransa nayo mwaka 2020 ilianza kuiacha nafuu ya kodi kwa kazi kama hizo na badala yake ikatoa ruzuku inayopimwa kwa kipato: mwenye kidogo hupata zaidi, na hangoji hesabu za kodi za mwaka ujao.

Kwa nini tuyaseme haya kwa watumishi wa umma na walimu wa hapa kwetu, ambako hakuna theluji wala pampu za joto? Kwa sababu sisi pia tuna kodi, tuna misamaha, na tuna kazi kubwa ya nishati mbele yetu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika kazi kama hiyo, siku haitakosekana atakayesimama katika semina na kushauri kwamba mfanyakazi anayenunua jiko bora apunguziwe kodi ya mshahara. Ushauri huo utapendeza masikioni mwetu, maana sisi ndio tunaokatwa. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliinua kiwango cha mshahara usiotozwa kodi kutoka shilingi 170,000 hadi shilingi 270,000 kwa mwezi. Aliye chini ya kiwango hicho angepata nini? Mkulima, mvuvi na mama lishe, ambao hawamo kabisa katika orodha ya makato ya mishahara, wangepata nini? Nao ndio wanaovuta moshi wa kuni kila siku. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Ndiyo maana ni sahihi kwamba Wakala wa Nishati Vijijini ulipoamua kueneza majiko na mitungi ya gesi, ulipunguza bei mbele ya mnunuzi. Punguzo la namna hiyo halimuulizi mama kama ana namba ya mlipa kodi. Hata hivyo nalo lina mtihani wake. Mtungi ulionunuliwa kwa bei nafuu, ukatumika mara moja, kisha ukageuzwa kigoda kwa kuwa gesi ya kujaza ni ghali, haujatimiza lengo. Ruzuku njema hufuatiliwa hadi jikoni.

Tunawaomba basi watumishi wa umma, hasa wanaoandika mapendekezo katika Wizara na Halmashauri, waipime kila nafuu kwa maswali manne kabla haijafika mezani kwa wakubwa. Ni nani atakayepata, na ni nani atakayeachwa? Atapata kiasi gani, ukilinganisha na jirani yake? Atapata lini: siku ya kununua, au mwaka mmoja baadaye? Na fedha hizo zimeandikwa wapi ili wananchi wazione? Pendekezo lisiloweza kuyajibu maswali hayo kwa tarakimu lirudishwe kwa mwandishi wake.

Kwa ndugu zetu walimu, mfano wa nyumba tatu ni somo kamili la hesabu na la uraia, na hauhitaji kifaa ila ubao na chaki. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini mama mzee alipata sifuri, amekwisha kujua kuisoma sheria kuliko watu wazima wengi.

Nafuu za Marekani zimefungwa, na huenda siku moja zikafufuliwa, kama zilivyofufuliwa mwaka 2005. Zikirudi na sharti lilelile, meneja atapata tena dola zake 1,800, na mama mzee atakuwa bado anajifunika blanketi karibu na dirisha linalopitisha upepo. Sisi tusingoje kufundishwa na kosa letu wenyewe. Nafuu inayotolewa kwa jina la wananchi wote lazima imfikie na yule asiyedaiwa kodi, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye iliyekusudiwa.